Mashine Mpya Inachaguliwaje? Mafundisho Kutoka Viwanda vya India



Katika ukurasa huu mmezoea kusoma juu ya kofia ngumu, viatu vya kazi, maji safi na chanjo za watoto. Mambo hayo ni ya lazima na hatutayaacha. Lakini leo tutarudi nyuma hatua moja. Kofia inavaliwa wakati hatari imekwisha kufika kazini. Hatari hiyo ilifika lini? Mara nyingi ilifika siku mashine fulani iliponunuliwa, au siku njia fulani ya kusafirisha mali ilipochaguliwa. Siku hiyo watu walikaa mezani, wakaangalia bei, wakaangalia mwendo wa kazi, wakatia sahihi. Uamuzi wa nusu siku unaweza kukaa miaka thelathini juu ya mapafu, masikio na mgongo wa mtu.

Basi somo letu la leo ni hili: namna ya kuamua. Mifano yetu tutaichukua katika nchi ya India. Kwa nini India? Kwa sababu nchi hiyo ina migodi na viwanda vya kila namna, imepokea mashine mpya nyingi, na mambo yaliyotokea huko yameandikwa katika hukumu za mahakama na karatasi za serikali. Mengine yalifaulu, mengine yaliua watu. Mwenye busara hujifunza kwa yote mawili.

1. MIZANI YA KUAMUA

Mtu aitwaye Thomas Saaty, aliyezaliwa Mosul katika nchi ya Iraki mwaka 1926 na kufundisha katika vyuo vikuu vya Marekani, alitunga katika miaka ya 1970 njia moja ya kuamua. Alikufa mwaka 2017, lakini njia yake inaendelea kufundishwa. Wataalamu wa India wanaitumia sana wakitaka kuchagua mashine, kuchagua mahali pa kujenga ghala, au kuchagua muuzaji wa vyombo.

Njia yenyewe si ngumu kama inavyosemwa. Mama akiwa sokoni hapimi vitu kumi kwa mara moja. Anashika samaki huyu na samaki yule, anauliza yupi ni bora. Halafu anamshika wa tatu. Saaty alifanya vivyo hivyo. Hatua zake ni hizi:

Kwanza, andika unachotaka. Kwa mfano: kutoboa mwamba bila kuharibu watu.

Pili, andika mambo ya kupima: bei, mwendo wa kazi, afya, upatikanaji wa vipuri, maji, na kadhalika.

Tatu, linganisha mambo hayo mawili mawili. Yakiwa sawa, andika 1. Moja likipita lingine kidogo, andika 3. Likipita sana, 5. Likipita sana sana, 7. Likipita kabisa kabisa, 9. Namba za katikati zinaruhusiwa pia.

Nne, kutokana na namba hizo tafuta uzito wa kila jambo.

Tano, ipe kila mashine alama kwa kila jambo, zidisha alama kwa uzito, halafu jumlisha. Yenye jumla kubwa ndiyo inayoshinda.

Njia hii ina faida mbili ambazo sisi watu wa kazi tunapaswa kuzijua. Ya kwanza ni kwamba inamkamata mtu anayejipinga mwenyewe. Mtu akisema afya inapita bei mara 3, na bei inapita mwendo wa kazi mara 2, basi ni lazima akubali kwamba afya inapita mwendo wa kazi mara 6. Akifika hapo na kusema «afya na mwendo ni sawa», hesabu inamrudisha nyuma kufikiri tena. Faida ya pili ni kwamba watu wengi wanaweza kujibu maswali yale yale, kila mtu kwenye karatasi yake: mnunuzi, injinia, kapita, mtobozi, munganga. Zikikusanywa, mahali namba zinapotofautiana sana ndipo penye mazungumzo. Mnunuzi akiandika 2 na mtobozi akiandika 9 kwa jambo moja, si kwamba mmoja ni mjinga. Ni kwamba mmoja anaiona mashine kwenye karatasi na mwingine anaishika kwa mikono.

2. HESABU YA VUMBI

Tufanye sasa hesabu. Katika jimbo la Rajasthan, kaskazini-magharibi ya India, kuna machimbo mengi ya mawe ya mchanga, hasa kando ya Jodhpur na Karauli. Watu wanatoboa, wanapasua na kuchonga mawe hayo kwa kujengea nyumba. Jiwe hilo lina silika nyingi. Likitobolewa kukavu, linatoa vumbi jembamba sana. Vumbi linaloonekana na macho mara nyingi linanaswa puani na kooni, mtu analitema. Lile lisiloonekana ndilo linalofika ndani kabisa ya mapafu. Huko linakaa. Mwili unajaribu kulizungushia kovu, kovu linaongezeka, na mapafu yanakuwa magumu. Ugonjwa huo unaitwa silikosi. Hakuna dawa ya kuuponya. Tena mtu mwenye silikosi anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mtu mwingine.

Tuseme kiongozi wa machimbo anataka kuchagua moja kati ya njia tatu. Namba zifuatazo ni za darasani tu, ili tujifunze kuhesabu. Alama zinatoka 0 mpaka 10. Alama kubwa kwa bei maana yake ni bei nafuu.

Njia A: kutoboa kukavu na kumpa mtu maski. Bei 9, mwendo 9, afya 2.
Njia B: kutoboa kwa maji yanayopita ndani ya chuma cha kutobolea. Bei 6, mwendo 7, afya 9.
Njia C: mashine inayofyonza vumbi pale pale kwenye tundu. Bei 3, mwendo 6, afya 8.

Kiongozi wa kwanza anapenda sana fedha na haraka. Anaweka uzito hivi: bei 4, mwendo 4, afya 2. Tuzidishe.

A: 36 na 36 na 4, jumla 76.
B: 24 na 28 na 18, jumla 70.
C: 12 na 24 na 16, jumla 52.

A imeshinda. Kiongozi wa pili anaweka uzito mwingine: bei 3, mwendo 2, afya 5.

A: 27 na 18 na 10, jumla 55.
B: 18 na 14 na 45, jumla 77.
C: 9 na 12 na 40, jumla 61.

Sasa B imeshinda. Mashine ni zile zile, alama ni zile zile. Kilichobadilika ni uzito tu. Kwa hiyo mtu akikuletea hesabu nzuri iliyopigwa kwa mashine ya kuhesabia na kusema «namba zimeamua», muulize kwa heshima: uzito uliwekwa na nani?

Lakini kuna jambo lililo baya zaidi. Rudini kwa kiongozi wa kwanza. Tuseme njia A ni mbaya hata alama yake ya afya ni sifuri, yaani kila atakayeitumia ataugua. Jumla yake itakuwa 36 na 36 na 0, ni 72. Bado inapita njia B yenye 70! Mizani imemtoa mtu kafara, na hakuna aliyesema neno baya mezani. Hesabu haikukosewa. Ndiyo tabia ya mizani ya namna hii: uzuri wa upande mmoja unafunika ubaya wa upande mwingine.

Dawa yake ni moja. Kabla ya mizani, weka mlango. Mlango ni sharti lisilopimwa pamoja na bei. Kwa mfano: njia yoyote yenye alama ya afya chini ya 6 haiingii mezani, hata kama inatolewa bure. Zile zinazopita mlangoni, hizo ndizo tuzipime kwa bei, mwendo na mengine. Hapo B na C zitashindana kwa haki, na A itabaki nje.

Msifikiri pia kwamba bei ya njia A ilikuwa nafuu kweli. Mwaka 2019 serikali ya Rajasthan ilitoa mpango wa kuwasaidia kwa fedha wagonjwa wa mapafu yaliyoharibiwa na vumbi, pamoja na jamaa za waliokufa. Ni jambo jema. Lakini angalieni: ile fedha ambayo haikulipwa siku ya kununua mashine ya maji, inalipwa baadaye na mfuko wa watu wote, na inalipwa kwa mjane. Gharama haikupotea. Ilihama tu.

3. MLANGO ULIOACHWA WAZI: BHOPAL, 1984

Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984, katika mji wa Bhopal, jimbo la Madhya Pradesh, gesi yenye sumu ilitoka katika kiwanda cha dawa za kuua wadudu cha kompani Union Carbide India Limited. Gesi hiyo inaitwa methili isosianeti. Karibu tani 40 zilitoka katika tangi moja na kushuka juu ya nyumba za watu waliokuwa wamelala. Zaidi ya watu 500,000 waliivuta au iliwagusa. Serikali ya jimbo ilihesabu vifo 3,787, na vyama vya wahanga vinataja hesabu kubwa zaidi.

Tuangalie maamuzi yaliyotangulia usiku ule, moja moja.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa teknolojia. Gesi ile haikuwa mali ya kuuza. Ilikuwa kitu cha katikati tu, cha kutengenezea dawa yenyewe. Tena kulikuwa na njia nyingine ya kutengeneza dawa hiyo bila kupitia kwake. Hata hivyo ilichaguliwa, na ikawekwa kwa wingi katika matangi makubwa. Trevor Kletz, mtaalamu wa usalama wa viwanda wa Uingereza, alikuwa amekwisha kuwafundisha wenzake katika miaka ya 1970 kwamba kitu kibaya usichokiweka ghalani hakiwezi kukutoroka. Ni fundisho la maneno machache, lakini lina uzito kuliko maski elfu.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa matumizi. Kimiminiko kile kinachemka kwa digrii 39 tu, kwa hiyo kilitakiwa kuwekwa katika baridi. Kiwanda kilikuwa kinapata hasara na gharama zilikuwa zinapunguzwa. Mashine ya baridi ilikuwa imezimwa tangu miezi mingi. Mnara wa kuchomea gesi ulikuwa umefungwa kwa matengenezo. Mtambo wa kuosha gesi haukuweza kuzuia wingi ule. Kila kimoja, kikitazamwa peke yake, kilionekana ni kuokoa fedha kidogo. Vyote pamoja vilikuwa ni kuondoa milango yote ya nyumba kwa usiku mmoja.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa mahali. Watu maskini walikaa karibu na ukuta wa kiwanda. Hawakuelezwa ni nini kilichokuwa ndani. Waganga waliopokea wagonjwa usiku ule, nao hawakuwa wameelezwa sumu ile inatibiwa namna gani. Kwetu sisi watu wa lopitali hilo ndilo jambo linalouma zaidi: kushika mgonjwa mikononi na kutojua jina la kitu kilichomwumiza.

Baada ya Bhopal, India ilitoa sheria ya kulinda mazingira mwaka 1986. Mwaka 1987 ilibadilisha sheria yake ya viwanda. Viwanda vyenye hatari vilitakiwa kuwa na kamati ya usalama, na ndani yake hesabu ya wajumbe wa wafanyakazi iwe sawa na ile ya wajumbe wa wakubwa. Mfanyakazi alipewa haki ya kuelezwa hatari za kazi yake, na haki ya kutoa taarifa akiona hatari iko karibu. Kwa maneno mengine, yule anayevuta hewa ya kiwanda alipewa kiti mezani. Kiti hicho kilinunuliwa kwa bei kubwa mno.

4. BARABARA NZURI NA MLIMA USIODUMU: KUDREMUKH

Mfano wa tatu utawapendeza wachimbaji, kwa sababu ni wa mgodi. Katika jimbo la Karnataka, kusini mwa India, kuna mlima uitwao Kudremukh, maana yake uso wa farasi. Ndani yake kuna chuma cha daraja la chini. Kompani ya serikali iliundwa mwaka 1976 ili kukichimba, na nchi ya Irani ilitakiwa kununua mali hiyo.

Tatizo la kwanza lilikuwa usafirishaji. Bandari ya Mangalore iko mbali, chini ya milima, na mvua ya huko ni nyingi sana. Motokari kubwa zingepita vipi kila siku katika kona na matope yale? Waliamua hivi: wasage jiwe, watoe chuma, wakichanganye na maji mpaka kiwe kama uji, na uji huo ushuke kwa bomba lenye urefu wa kilomita 67 mpaka bandarini. Mlima wenyewe unausukuma. Hakuna msururu wa motokari, hakuna vumbi la barabarani, hakuna dereva anayelala usukani usiku. Kwa usalama wa usafirishaji, ulikuwa uamuzi mzuri. Hata Irani ilipojiondoa baada ya mapinduzi yake ya mwaka 1979, mgodi uliendelea na kutafuta wanunuzi wengine.

Lakini kuna safu moja ambayo haikupewa uzito wa kutosha: je, mahali hapa patavumilia kazi hii kwa muda gani? Mgodi ulikuwa ndani ya msitu wa mvua, juu ya mto Bhadra unaonywesha mashamba mengi huko chini. Mabaki ya kusaga yalirundikwa nyuma ya ukuta mkubwa wa bwawa la Lakya. Mvua ilishusha udongo mtoni. Mwaka 1987 eneo lile likatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Watu wa huko na wapenzi wa msitu walikwenda mahakamani. Mwaka 2002 Mahakama Kuu ya India iliamuru uchimbaji usimame, na mwisho wa mwaka 2005 ulisimama. Chuma kilikuwa kingali ndani ya mlima. Kiwanda cha bandarini kiliendelea kwa mawe yaliyotoka kwingine, lakini mji wa wachimbaji kule mlimani ulibaki karibu mtupu: nyumba, shule, lopitali.

Ndugu wachimbaji, wengine wanafikiri kwamba kulinda maji na msitu ni kazi ya watu wa mjini wasiojua njaa. Kudremukh inatufundisha vingine. Mto ulipochafuka, mwisho wake ni mchimbaji aliyefunga mizigo. Anayeuliza «mabaki ya kusaga yatakwenda wapi?» hapingi kazi. Anauliza kama mtoto wake ataikuta kazi hiyo.

5. JIKO LILILOPOKELEWA NUSU

Mfano wa mwisho ni wa akina mama. Vijijini mwa India watu wengi walipika kwa kuni na samadi iliyokaushwa. Moshi wa jiko la namna hiyo unaumiza macho na mapafu ya mama, na unaongeza nimonia kwa watoto wadogo wanaobebwa mgongoni wakati wa kupika. Tarehe 1 Mei 2016, katika Ballia, jimbo la Uttar Pradesh, serikali ilianzisha mpango uitwao Ujjwala wa kuwapa wanawake wa jamaa maskini jiko la gesi. Kufika Septemba 2019, majiko yaliyogawiwa yalitimia milioni 80. Ni kazi kubwa sana.

Lakini mtungi wa gesi una kilo 14.2, na siku moja unakwisha. Mtungi wa kwanza ulikuja kwa msaada. Wa pili ulipaswa kununuliwa. Kwa jamaa nyingi bei ilikuwa nzito, na kuni hazikuwa na bei ila jasho la mama. Kwa hiyo wengi walitumia gesi siku za haraka na kurudia kuni siku nyingine. Jiko jipya lilikaa kando ya jiko la zamani, na moshi haukuondoka nyumbani. Serikali iliona hivyo, ikaanza kupunguza bei ya mtungi kwa jamaa hizo: rupia 200 kwa kila mtungi tangu Mei 2022, na rupia 300 tangu Oktoba 2023.

Fundisho ni hili: chombo hakijapokelewa siku kinapofika. Kimepokelewa siku mtungi wa pili unaponunuliwa. Vivyo hivyo kazini. Mashine ya kufyonza vumbi ni nzuri, lakini kichujio chake cha pili kitatoka wapi? Kutoboa kwa maji ni kuzuri, lakini katika machimbo ya nchi kavu kama Rajasthan, nani anayeleta maji, kwa pipa gani, saa ngapi? Njia ya maji bila maji ni karatasi tu. Mtobozi akikosa maji na hesabu ya mita inamngoja, atatoboa kukavu. Msimlaumu yeye kwanza. Laumuni mpango uliosahau pipa.

6. SISI TUFANYE NINI?

Mtasema: sisi hatununui mashine, wakubwa ndio wanaonunua. Ni kweli. Lakini kuna kamati ya usalama na usafi, kuna wajumbe wa wafanyakazi, kuna kapita wa kikundi, na kuna siku za kujaribu mashine kabla ya kuizoea. Mashine mpya ikifika katika kazi yenu, ulizeni maswali haya matano, kwa heshima na bila kuogopa:

1. Mlango: je, kuna mtu anayeweza kufa au kuharibika mwili kwa matumizi ya kila siku ya chombo hiki? Kama ndiyo, bei isizungumzwe bado.

2. Kuondoa: je, tunaweza kufanya kazi hii bila kitu hiki chenye hatari, au kwa kiasi kidogo zaidi? Kuondoa hatari kunapita kuifunika. Maski ni ya mwisho, si ya kwanza.

3. Mtungi wa pili: vipuri, vichujio, maji na mafundi vitatoka wapi baada ya miezi sita?

4. Mabaki: vumbi, maji machafu na mawe yaliyosagwa vinakwenda wapi, na nani anakaa huko chini?

5. Meza: je, yule atakayeishika mashine ameulizwa? Je, watu wa lopitali wameelezwa jina la kila sumu inayoingia uwanjani?

Na nyumbani pia tuna maamuzi. Wengi wetu tunapika kwa makala. Mbabula ni chombo cha bei nafuu, lakini makala yanayowaka yanatoa gesi isiyo na rangi wala harufu, inayonyang'anya damu hewa yake. Weka mlango wako wa nyumbani: mbabula haiingii katika chumba cha kulala kilichofungwa, hata usiku wa baridi ya mwezi wa sita, hata kwa dakika chache. Hilo halipimwi pamoja na baridi. Baada ya hapo ndipo mama na baba wapime kama wanaweza kununua jiko linalokula makala kidogo, au kupikia nje chini ya kibanda.

TUKUMBUKE

Mizani ni chombo kizuri cha kuamua, lakini uzito wake unawekwa na watu.

Mizani peke yake inaweza kuficha kifo nyuma ya bei nzuri. Kwa hiyo mlango kwanza, mizani baadaye.

Chombo kinahesabiwa tangu kununuliwa mpaka mabaki yake, si siku ya kufika tu.

Anayevuta hewa ya kazi anapaswa kuulizwa kabla ya uamuzi, si baada ya msiba.

MASWALI YA KUJIBU PAMOJA

Jibuni haya jioni nyumbani, watoto wa shule wawasaidie kuhesabu.

a) Rudieni hesabu ya njia A, B na C kwa uzito huu: bei 3, mwendo 3, afya 4. Ipi inashinda? Je, mlango ungali unahitajika?

b) Taja chombo kimoja nyumbani au kazini ambacho kilipokelewa kwa furaha na sasa kimelala. Mtungi wake wa pili ulikuwa nini?

c) Katika kazi yako, ni jambo gani ambalo lisingepaswa kupimwa kwa bei hata kidogo?

Jibu la swali la kwanza: A ni 62, B ni 75, C ni 59. B inashinda, lakini angalieni vizuri: A, ile yenye vumbi, imeipita C. Mkisikia siku moja kwamba hakuna maji na B haiwezekani, mizani itawapa A. Mlango ungali unahitajika.

Swali la tatu halina jibu la kuandikwa hapa. Jibu lake lipelekeni kwa mjumbe wenu wa kamati ya usalama, kabla mashine nyingine haijafika.

Msaidizi wa munganga, Idara ya Afya